Usikue Mpaka Nirudi

Jumapili, 12 Januari

Baba Nukta,

Nimefika salama, ila mgongo wangu nadhani bado uko njiani. Lori la saruji lina viti kwa jina tu, na dereva ameimba safari nzima, na kuimba hajui. Lakini ni mtu mwema. Amekubali kutubebea barua kila anaposhusha mzigo huku, kwa hiyo mtengenezee nywele bure akipita hapo, tena usimkate masikio.

Hospitali bado inanuka rangi. Wagonjwa hawajaanza kuja, wala vitanda vyote havijafika. Chumba cha ushonaji kina madirisha makubwa na meza ya kukatia ambayo ukiipeleka saluni kwako, itabidi wateja wakae nje. Hadi mwisho wa mwaka natakiwa kuwa nimemaliza shuka, mapazia na kanzu za madaktari. Simu iko ofisini kwa msimamizi, nayo ni ya kuagizia saruji na misumari, haituhusu sisi.

Sasa nisikilize, maana nakujua. Kila mwanzo wa mwezi mkate mtoto uzi. Ile rola nyeupe nimeiacha juu ya kabati. Msimamishe wima, shika uzi utosini, ushushe hadi kisiginoni, ukate, unitumie. Mwakani anaanza shule na sare nitamshonea mimi kwa mkono wangu, sitaki ya dukani. Halafu nataka niwe naona anavyopanda. Umri huu watoto hawamngojei mtu.

Siku ile ya kuondoka, wakati wewe unafunga mizigo, niliinama nikamnong'oneza, "Usikue mpaka nirudi, umesikia?" Akaitikia kwa kichwa kwa uzito wote, kama mtu aliyetumwa dukani na kupewa hela mkononi. Nilicheka hadi kona ya kwanza. Kona ya pili nikalia.

Mbusu kwa ajili yangu, kila shavu.

Mkeo,
Mama Nukta


Jumatatu, 3 Februari

Mama Nukta,

Uzi huo hapo. Nimemsimamisha kwenye mwimo wa mlango wa saluni, nikamchana nywele nipate utosi vizuri, nikakata. Fundi nguo ni wewe, mimi nimefuata amri tu.

Binti yako hajambo kabisa. Amejua kusoma neno la kwanza. Alikuwa amekaa juu ya ubao wake, ule ninaouweka juu ya mikono ya kiti ili watoto wafikie kioo, mara akaanza kunyooshea kidole maandishi ya dirishani. "Ki. Nyo. Zi." Mteja mmoja akapiga makofi. Mimi wembe ulisimama hewani. Miaka yote hii nimeyaona maandishi hayo kila siku, sikuwahi kuyasikia. Nilijiuliza huyu mtu ametoka wapi, Mama Nukta, maana sisi tulileta nyumbani kitu kidogo kilichofungwa kwenye blanketi, hakijui hata kushika kichwa chake.

Lile gauni lake refu la njano halivui. Viatu ulivyomnunulia navyo haachi, hata ndani ya nyumba. Anakukumbuka, ndiyo maana.

Anakula vizuri.

Mumeo,
Kinyozi


Alhamisi, 20 Februari

Baba Nukta,

Uzi nimeutundika kwenye msumari karibu na dirisha. Asubuhi kabla sijawasha cherehani nausogelea, naweka mkono pale mwisho unapofika, na mkono unaniambia: utosi wake uko hapa. Msaidizi wangu ananiona nimerukwa na akili. Mwache. Yeye hajazaa.

Niambie alivyoipata hiyo "Ki-Nyo-Zi". Nani alimfundisha herufi? Mimi nilimwachia tatu tu. Unasimulia mambo makubwa kwa mistari miwili halafu unanijazia ukurasa na habari za mteja aliyepiga makofi! Nieleze alivyofungua mdomo. Nieleze alikunja uso au alicheka. Vitu hivyo ndivyo ninavyokula huku.

Na viatu, angalia visimbane.

Mama Nukta


Jumatano, 2 Aprili

Mama Nukta,

Nakutumia uzi wa mwezi huu. Ule wa Machi uliupata pamoja na picha, natumaini. Samahani picha yenyewe amekaa. Mpiga picha alimbembeleza asimame, nami nikambembeleza, akagoma. Kwa ukaidi huo sitaji amemrithi nani, barua hii inabebwa na mtu mwingine na sitaki ugomvi.

Herufi amejifunza mwenyewe, kwa kuniuliza moja moja kila ninapokuwa na wembe kwenye shingo ya mtu. Alikunja uso kwanza. Alipomaliza neno hakucheka. Alinitazama kwenye kioo kama mtu aliyegundua kuwa nilikuwa nimemficha jambo.

Hajambo. Anakula vizuri.

Mumeo


Ijumaa, 25 Aprili

Baba Nukta,

Sitakusalimia.

Nimezitandika nyuzi tatu mezani, ncha kwa ncha. Wa Februari na wa Machi ni sawasawa. Wa Aprili ni mfupi, umepungua upana wa kidole. Nimezilowesha, nimezinyoosha, nimezipiga pasi. Uzi ni ule ule wa rola yangu, naujua, haurudi. Mtoto wa umri wake hasimami miezi mitatu, na binadamu harudi nyuma. Kisha nikaitoa picha nikaitazama upya. Mashavu yake yako wapi?

Umeniandikia mara mbili "anakula vizuri", peke yake, mwisho wa barua. Mtu anayekula vizuri haandikwi hivyo. Nimeolewa na wewe, najua unavyoandika ukiwa unaficha kitu.

Wiki hii nashona shuka za wodi ya watoto. Vitanda vyake vimeshafika, vimepangwa ukutani, vidogo, vyeupe. Kila shuka ninayoipinda naona kichwa cha mwanangu juu yake. Leo nimejichoma sindano nikachafua moja kwa damu.

Niambie ukweli. Kama mtoto anaumwa, sema anaumwa. Nikiondoka kabla ya mwisho wa mwaka nafasi yangu anapewa mwingine na kodi ya saluni hatutaiweza, najua hayo yote. Lakini lori likija tena bila jibu lako, litarudi na mimi.

Mama wa Nukta


Jumanne, 6 Mei

Mama Nukta,

Umenikamata.

Si kweli kwamba anakula vizuri. Tangu Februari anakula nusu, anasukuma sahani. Nilidhani ni upweke, nikasema utapita, na nilikuficha ili usishone kwa machozi. Nimempeleka kwa daktari. Amempima, amemgonga magoti, amemulika masikio, anasema hana ugonjwa wowote. Nikamweleza habari ya uzi, akacheka akasema nimepima vibaya. Nimepima tena mbele yake na umekuwa ule ule. Akaacha kucheka, akasema tumrudishe baada ya wiki mbili.

Naogopa. Nilitaka kuandika maneno marefu, lakini nililonalo ni hilo. Ninamwambia, "Kula, Nukta, kula ukue," naye anaweka kijiko chini taratibu na kunitazama kwa huruma. Yeye ndiye anayenihurumia mimi.

Kama utapanda lori, panda. Sitakuzuia.

Mumeo


Ijumaa, 9 Mei

Mama Nukta, usipande lori! Soma hii kwanza. Nimemkimbilia dereva mwenyewe nikiwa na aproni kiunoni, ameahidi kukukabidhi hii mkononi pamoja na ile ya Jumanne.

Mtoto haumwi. Kaa chini nikueleze.

Leo saa nne nina mteja, nusu ya uso ina povu na nusu imeshanyolewa. Akaingia fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, bila hodi, amembeba Nukta. Binti yako ana damu kidogo kwenye mdomo na ngumi ameifumba.

"Wewe kinyozi," akasema fundi viatu, "mtoto wako kaja kwangu na jino mkononi. Anataka nimgandishie kwa gundi ya soli."

Nikamwambia Nukta afungue ngumi. Jino la mbele, la chini, dogo kuliko punje ya mchele. Lile lililoota usiku tuliokesha naye, wewe ukaniita nilisikie likigonga kijiko, tik, tik. Nikamwambia, "Hilo haligandishwi, mama. Litakuja lingine kubwa." Hapo ndipo alipoangua kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake.

"Sitaki kubwa! Lirudishe, baba! Mama bado hajarudi!"

Mimi bado sikuelewa. Fundi viatu ndiye aliyeelewa kwanza, maana yeye huwatazama watu kuanzia chini. Alimketisha kwenye kiti akamvua viatu. Mama Nukta, vidole vya mtoto vilikuwa vimekunjamana kama watu watano waliolazwa kitanda kimoja. Visigino vina malengelenge yaliyopasuka na kukauka na kupasuka tena. Miezi amevivaa viatu hivyo na hajalia hata mara moja.

Nikapiga magoti nikamuuliza. Akaeleza yote, taratibu, kwa kwikwi. Ulimtuma asikue mpaka urudi. Naye anaifanya kazi uliyompa. Watu wanasema kula ukue, kwa hiyo hali. Viatu vikibaki vile vile basi na miguu itabaki vile vile. Kwenye picha alikaa ili asionekane urefu. Nikamuuliza, "Na uzi?" Akapandisha gauni la njano hadi magotini, akasimama pale mlangoni, akanionyesha: magoti ameyakunja. Kila mwezi, chini ya gauni refu, huku mimi nikihangaika na utosi! Mwezi wa Aprili aliona amezidi, akayakunja zaidi.

Nimekuwa namtazama mwanangu kuanzia nywele hadi masikio. Ndiyo kazi yangu, lakini leo nimeiona aibu yake.

Nikamwambia, mama alikuwa anatania. Akatikisa kichwa. "Nikikua hatanijua," akasema. "Atashuka kwenye lori, atanipita, atamtafuta Nukta mdogo."

Mteja wangu, na povu lake la nusu uso, alikuwa analia waziwazi. Fundi viatu alitazama nje. Sikujua kwamba mtu wa umri huo anaweza kupenda hivyo, akanyamaza, akaenda kucheza. Namwogopa kidogo, kwa heshima.

Nimembembeleza, hanisikilizi. Anasema mimi siye niliyemtuma. Kwa hiyo neno limebaki kwako.

Mumeo


Alhamisi, 15 Mei

Kwa Nukta. Baba akusomee polepole, asiruke neno.

Nukta wangu,

Barua ya baba nimeisoma nimesimama katikati ya chumba cha kushonea, halafu nikakaa sakafuni kwenye vipande vya vitambaa. Msaidizi wangu alidhani nimeanguka. Nilikuwa nakufikiria wewe tu.

Nilikutuma kazi na umeifanya. Hakuna mtu mzima ninayemjua ambaye angeiweza kazi hiyo hata siku moja. Asante, mwanangu. Sasa imekwisha. Niliyekutuma ni mimi na ninayekutoa kazini ni mimi.

Nilikosea kukutuma. Nilikuwa naogopa kupitwa na mambo yako, nikasema neno la utani, nawe ukalibeba kama mzigo wa kweli. Mzigo huo ni wangu, nirudishie.

Umesema nitashuka kwenye lori nikupite. Sikiliza. Mimi ni fundi. Nguo niliyoishona mwenyewe, hata ikitatuka, hata ikipakwa rangi nyingine, hata ikivaliwa na mtu wa mbali, nikiipata mkononi naijua. Nageuza ndani, natazama mshono, nasema hii ni yangu. Itakuwaje nisikujue wewe? Nilikujua kabla sijakuona. Ulipokuwa tumboni ulinipiga teke nikiwa kwenye cherehani na nikasema, huyu hapa. Ota meno kama ya simba. Refuka hadi ugonge taa ya saluni. Nitashuka kwenye lori nitaangalia watu wote waliosimama pale, na yule nitakayemkimbilia ndiye wewe.

Jino mpe baba anitunzie. Viatu mpe fundi viatu ampatie mtoto mwingine.

Sasa nakutuma upya, na safari hii sitanii. Simama mlangoni. Nyoosha magoti. Kula, lala, kimbia, na ukue, Nukta. Kua.

Mama yako


Jumatatu, 2 Juni

Mama Nukta,

Nilifunga saluni nikamweka kwenye ubao wake nikamsomea. Nilipomaliza akasema, "Rudia mwisho." Nikarudia. Akasema, "Nionyeshe limeandikwa wapi." Nikamwonyesha. Akaweka kidole chini yake akalisoma mwenyewe: "Ku. A." Kisha akashuka, akaenda mlangoni pekupeku, akaegemea mwimo.

Nikashika uzi, nikaweka kidole utosini kama kawaida. Naye akanyoosha magoti.

Nimenyoa vichwa tangu kijana, sijawahi kuona utosi ukipanda mbele ya macho yangu. Ulikisukuma kidole changu juu. Ulikuja polepole, haukusimama nilipodhani utasimama, ukaendelea, na mkono wangu ukaendelea nao. Alipofika mwisho alishusha pumzi, akanitazama, na uso wake ulikuwa karibu na wangu kuliko nilivyozoea. Nilisahau kukata. Nilibaki nimeshika uzi mdomo wazi, mpaka akasema, "Baba, kata basi, nina njaa."

Amekula sahani mbili na nusu ya kwangu.

Jana nilitaka kumpunguza nywele. Nikachukua ubao, akasema, "Wa nini?" Akapanda kwenye kiti chenyewe, akakaa, na kichwa chake kikatokea kwenye kioo bila msaada wa mtu. Nilimnyoa vizuri tu. Kisha nikaubeba ubao nikauweka nyuma ya mlango, na nikakaa huko nyuma na ubao kwa muda. Nilifurahi, Mama Nukta, naapa nilifurahi. Lakini nilikaa huko.

Uzi wenyewe huo hapo. Mimi nimeutazama mara nyingi, sasa zamu yako.

Mumeo


Jumapili, 23 Novemba

Baba Nukta,

Shuka ya mwisho nimeipinda jana. Wodi ya watoto ina watu sasa. Asubuhi nasikia wanavyosumbua wauguzi na nafurahi. Narudi na lori la Jumamosi ya pili ya Desemba. Sare iko tayari, nimeacha upindo mpana chini tuwe tunaushusha kila akipanda. Nyuzi zote ziko ukutani kwa mpangilio, kuanzia ule wa Juni zinapanda, na kila anayeingia chumbani anauliza ni kitu gani. Nawaambia ni picha ya mwanangu.

Sasa hili ni lako peke yako, usimsomee.

Sikukueleza yote. Macho yamechoka kwa kushona, navaa miwani yenye vioo vizito. Nywele za mbele zimekuwa nyeupe, siyo moja wala mbili. Nimepungua, magauni yote nimeyabana, na nyuma ya mabega nimeinama kidogo kwa kuinamia cherehani. Jana nimejiona kwenye dirisha nikadhani ni mfanyakazi mwingine anapita. Nilimwandikia mtoto maneno makubwa kwamba nitamjua, na nitamjua kweli. Lakini mwaka mzima kwake ni kipande kikubwa cha maisha. Mimi ndiye sasa ninayeogopa kushuka kwenye lori. Akijificha nyuma ya mguu wako akauliza huyu bibi ni nani, nitafanyaje? Nafikiria nipake rangi nywele, nivue miwani nikikaribia, nijinyooshe.

Usimwambie.

Mkeo


Jumatano, 3 Desemba

MAMA

Barua yako nimeisoma mimi. Baba alikuwa ananyoa akaiweka kwenye kioo. Sasa najua kusoma maandishi ya mkono. Maneno mengine nimemuuliza fundi viatu.

Baba hajui naandika. Dereva anajua.

Jino jipya limekuja na lingine limetoka tena. Sijalia.

Jumamosi uliyosema nitasimama pale lori linapokaa. Nitavaa viatu vikubwa vipya. Baba atakuwa nyuma yangu siyo mbele.

Usipake rangi. Usivue miwani utaanguka.

Na wewe umekua kidogo tu. Nitakujua. Usikunje magoti mama. Shuka tu.

NUKTA